Jina la Mwenye Kioo

Nadine alikuwa ameolewa Heru Juu miezi kumi na moja, na katika miezi yote hiyo hakulitamka jina la baba mkwe wake hata mara moja. Sisi ambao hatukuolewa pale tunaweza kulisema bila kosa: aliitwa Niyomwungere. Lakini kwa watu wa asili yao, waliovuka kutoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama wewe na mimi, mkaza mwana halichezei jina la baba mkwe. Halitamki, halinong'oni, na kama kuna neno linalofanana nalo, hilo nalo hulizunguka. Kanisani, zaburi ya mchungaji ilipoimbwa kwa Kirundi, Nadine aliimba vizuri mpaka anapofika kwenye neno la mchungaji lenyewe, umwungere. Hapo alifumba mdomo, neno likapita, akafungua tena na kuendelea. Waliokaa benchi moja naye walishazoea.

Na msidhani alikuwa msichana wa kijinga. Alikuwa na diploma ya kompyuta. Siku alipoondoka kwao Kumsenga, upande wa Kibondo, mama yake alimwambia, "Diploma yako iweke sandukuni. Kule kwa watu, kwanza ni adabu." Akatii kwa woga, kama maharusi wote wanavyotii. Ila woga ule haukufika hata mwezi wa pili, kwa sababu mzee mwenyewe hakuwa wa kuogopwa.

Mzee Niyomwungere alikuwa mpima mvua. Hakuna aliyemwajiri. Bwana shamba mmoja aliyehamishwa alimwachia kipima mvua cha bati mwaka 1998, akamwambia akitunze, na mzee akakitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alikwenda uani, akainama, akasoma, akaandika daftarini. Nadine alipoolewa, mzee akaongeza jambo moja. Akishasoma, alipita dirisha la jikoni na kuita namba tu: "Kumi na mbili!" Na Nadine kutoka kwenye moshi alijibu, "Kumi na mbili, Baba!" Siku za kiangazi ilikuwa "Sifuri!" na "Sifuri, Baba!" mwezi mzima, na hakuna aliyechoka. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na Nadine alimpenda mzee yule kupitia namba hizo.

Madaftari yalikuwa kumi na matatu, na hakuna mtu aliyeyasoma. Watu wa Heru Juu walimheshimu mzee lakini mvua yake waliiona kama mchezo wake wa uzeeni. Oktoba iliyopita, mvua ya kwanza ilipopiga, aliwaambia wasipande maharage, wangoje. Wakapanda. Mvua ikakata siku kumi na tisa, mbegu zikaungua ardhini. Mwaka huu kikundi cha wakulima kilikuwa na mbegu za pamoja, gunia kwa gunia, na kikao cha kuamua siku ya kupanda kilikuwa Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa kigango. Mzee aliomba nafasi moja tu: aoneshe mvua yake ukutani, kwa picha, kila mtu aione kwa macho yake. Wakamkubalia nusu kwa heshima, nusu kwa kutaka kucheka.

Kazi ya kuingiza madaftari kwenye kompyuta aliifanya Nadine, miezi mitatu. Kompyuta ilikuwa ya mzee. Mwanawe Stanislaus, mume wa Nadine, fundi umeme, aliinunua ikiwa imetumika, akaiwekea Linux kwa sababu ilikuwa kuukuu na haikuweza kubeba kitu kizito, na kwa mapenzi ya mtoto kwa baba akaiandikisha kwa jina la baba. Kisha akaenda zake Mpanda kwenye kazi ya nguzo, huko ambako simu hupatikana kwa bahati.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Kila Nadine alipofungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, mstari wa kwanza ulianza na jina la mwenye mashine. Jina lile, herufi kwa herufi, likimtazama usoni. Siku ya kwanza alifumba macho. Siku ya pili akapata ujanja: akaingia kama root, yaani yule mkuu wa mashine mwenye ruhusa zote, na jina likaondoka, likaja neno root ambalo si mkwe wa mtu. Miezi mitatu alifanya kazi hivyo, mvua yote ya miaka ishirini na saba akaihifadhi kwenye folda ya root, moyo wake umetulia. Mwalimu wake wa chuo angemchapa bakora kwa kufanya kazi ndogo kwa cheo kikubwa namna ile. Lakini mwalimu wake hakuolewa Heru Juu.

Programu ya kuchora ilitengenezwa na Shamsia, rafiki yake wa chuoni mwenye duka la kompyuta Kibondo mjini. Shamsia aliituma kwa flashi na gari la asubuhi, bodaboda akaileta mpaka mlango wa ukumbi, watu wakiwa wameshaketi. Katekista Ildefonsi alikuwa ameazima projekta na kuhangaika na waya wake nusu saa mpaka picha ikatulia ukutani. "Huu waya msiuguse," alionya. "Ukitoka, haurudi."

Nadine akachomeka flashi, akaingia kama root kama kawaida yake, akaita programu. Badala ya picha, mstari ukatokea ukutani, mkubwa, kila mtu auone: programu inasema haiwezi kufungua kioo, yaani skrini ya kuoneshea.

Akarudia. Ikarudia.

Akatoa simu, akampigia Shamsia, akajikunja kwenye kona ya meza.

"Shosti! Imefika?" Shamsia alikuwa na furaha zake.

"Imefika, inakataa. Inasema haiwezi kufungua kioo."

"Huku kwangu inafanya kazi."

"Huku kwetu haifanyi. Shamsia, watu arobaini wananitazama mgongo."

"Poa, tulia. Andika echo, alama ya dola, halafu DISPLAY kwa herufi kubwa. Inajibu nini?"

"Haijibu. Mstari mtupu."

"Basi ndiyo hiyo. Kila programu ikianza hupewa vikumbusho vyake: nyumbani ni wapi, lugha ipi, kioo kipi. Yako imeamka haijui kioo kiko wapi. Iambie. Andika export DISPLAY, sawasawa, nukta mbili, sifuri."

Nadine akaandika. Akaita programu. Mstari mwingine ukatokea.

"Sasa kioo imekijua," alisema, "ila inasema haina kibali."

Furaha ikamtoka Shamsia. "Nadine. Umeingia kama nani?"

Nadine akajifanya anapangusa kibodi.

"Nadine, umeingia kama nani?"

"Kama root."

"Root! Kwa kuchora mvua? Aisee, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani? Sikiliza. Root anaweza kubomoa nyumba nzima, lakini kioo ni cha mtu aliyewasha mashine. Kwenye kioo cha mtu, root ni mgeni, hafungui dirisha mpaka aoneshe kibali cha mwenyewe. Kibali ni faili, limo kwenye folda ya mwenye mashine. Mwambie tu liko wapi. Andika export XAUTHORITY, sawasawa, mkwaju, home, mkwaju, jina lake..."

"Jina la nani?"

"La mwenye mashine."

"Ndiyo, mwenye mashine."

"Anaitwa nani?"

"Mwenye nyumba hii."

"Ndiyo, huyo. Jina lake."

"Ndiyo huyo huyo."

"Nadine, mtandao ni mbovu au wewe ndiye mbovu?"

Nyuma yake benchi lililia. Kipriani, jirani wa mzee, mwenye shamba kubwa na mdomo mkubwa zaidi, aliyetaka mbegu zitoke wiki ile ile, akapaza sauti. "Mzee! Mvua yako imekwama kwenye sanduku?" Watu wakacheka. Si kicheko cha ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Mzee Niyomwungere, aliyekaa mbele akiwa na koti la ndoa ya mwanawe, akageuka nusu. "Subirini," alisema. "Mke wa Stanislaus anaijua kazi yake." Aliishika kofia yake kwa mikono miwili, na Nadine aliona vidole vikiizungusha.

Kama picha haitoki, watakwenda kupanda. Na hakuna mwaka mwingine watakapompa mzee nafasi ya kusema. Nadine alilijua hilo kama anavyojua jina lake mwenyewe, na lile jingine pia.

"Nitaweka nyota," alinong'ona kwenye simu. Kuna njia hiyo: mtu hasemi jina la folda, anaweka alama ya nyota, na mashine inajaza yenyewe. Aliona amepata mlango wa uani. Akaandika, akaweka nyota mahali pa jina, akabonyeza. Kibali hakikupatikana.

"Haifunguki hapo," Shamsia alisema. "Ukiwa unaandika kikumbusho, nyota inabaki nyota. Kwa nini unahangaika na nyota? Bonyeza Tab, jina litajiandika lenyewe, wala hutaligusa."

Nadine akaweka kidole juu ya Tab. Akakiweka kweli. Ingekuwa mara moja, kidole kimoja, kazi imekwisha. Lakini jina lingetoka ukutani kubwa kama mlango, na aliyeliita angekuwa nani? Kibodi haijaolewa. Nyuma yake, kwenye benchi la wanawake, wote walikuwa wake za watu, na katikati yao alikaa Immakulata, mama mkwe wake, ambaye miaka thelathini na tano hajalitaja jina la baba wa mumewe, na baba huyo alishakufa zamani.

Akaondoa kidole.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Shamsia, ni baba mkwe wangu."

Shamsia, ambaye baba yake ni mtu wa Pangani na ambaye amekulia Kibondo katikati ya Waha na Warundi, alianza kucheka, kisha akakatiza kicheko chake. "Subiri. Miezi mitatu umeingia kama root ili usilione jina lake?"

"Ego, ndiyo."

"Yesu na Maria, mnasema ninyi. Nadine! Mimi nilidhani ni uvivu." Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Sasa shosti, huu ndio mficha maradhi. Mwambie mwenyewe aje aliandike. Jina lake, kidole chake, nani atalaumiwa?"

Ni neno jepesi kulisema ukiwa Kibondo. Nadine akaweka simu mezani bila kuikata. Akaenda mpaka mbele ya benchi la mzee, akapiga magoti, na ukumbi ukanyamaza kwa sababu watu walidhani kuna msiba.

"Baba, mimi ndiye niliyekosea. Si mashine."

"Umekosea nini, mwana wanje?" mzee aliuliza, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao.

"Stanislaus aliandikisha mashine kwa jina lako. Mimi nikalikwepa. Nilipita njia nyingine miezi yote hii, na sasa picha haifunguki mpaka jina la mwenye kioo liandikwe. Najua linakokaa. Siwezi kuliandika."

Aliyasema yote kwa kuitazama sakafu. Kipriani ndiye aliyejibu, na safari hii hakucheka. "Lakini kuandika si kutamka. Mdomo umefumbwa."

"Kuandika ni kutamka kwa mkono," akasema Immakulata.

"Mbona kadi ya kliniki mnaandika?"

"Anaandika nesi!"

Hapo mjadala ukawaka. Wanawake wa benchi la kulia walikuwa na Immakulata. Vijana wawili wakasema mambo ya kale yamepitwa. Mama mmoja akawauliza hao vijana kama wao wanamwita baba mkwe wao kwa jina, wakakumbuka kwamba bado hawajaoa. Katekista aliombwa atoe neno, akasema yeye ana mamlaka ya projekta tu. Mzee Niyomwungere akawaacha wakisema, akavaa kofia, akavua tena, akainuka.

"Nioneshe pa kukaa," alimwambia Nadine.

Mzee hakuwahi kuigusa kompyuta ile. Aliipangusa vumbi kila Jumapili na kuifunika kitambaa, lakini vidole vyake, vilivyoandika madaftari kumi na matatu, viliogopa vibonye. Nadine akamwandalia mstari mpaka pale jina linapotakiwa. Akamwonesha kibonye cha kufuta. Kisha akaenda kusimama pembeni, akageuza uso ukutani, upande usio na picha.

"N," alisema mzee, akitafuta. Kidole kilizunguka juu ya kibodi kama kuku anayetafuta punje. Kikatua. Herufi ikatokea ukutani. "Mbona imetoka ndogo? Jina langu linaanza kwa kubwa."

"Iache ndogo, Baba," Nadine aliuambia ukuta. "Mashine inapenda ndogo."

"Haina adabu."

"Ego, Baba, haina."

Watu wakaanza kumsaidia. Wakawa wanataja herufi kwa sauti, ukumbi mzima, kama darasa la kwanza, na mzee akifuata. Akaruka moja, Kipriani akasimama juu ya benchi. "W, mzee! Umeruka W! Rudi, rudi!" Mzee akafuta, akarudi, akaiweka W mahali pake. Kwa dakika tatu nzima watu arobaini wa Heru Juu walikuwa wameshikilia pumzi kwa ajili ya jina la mtu waliyemjua maisha yao yote, na mtu mmoja tu ndani ya ukumbi hakulitazama.

"Tayari," mzee alisema.

Palibaki kipande cha mwisho cha mstari, jina la faili la kibali, na hicho hakuna mwingine aliyekijua. Nadine akarudi kinyumenyume. Akaweka vidole kwenye kibodi, akainua macho kwenye dari, akaandika akimhesabia herufi popo mmoja aliyelala kwenye boriti. Akabonyeza. Akaita programu kwa mara ya mwisho, bado akimtazama popo.

Alisikia ukumbi kabla ya kuona. "Yooo!"

Dirisha lilikuwa limefunguka, likajaa ukuta mzima. Miaka ishirini na saba ya mvua, mistari ya buluu iliyosimama, mirefu ya Machi na Aprili, mifupi ya Septemba, na kila Oktoba ikiwa na mstari mmoja unaojitokeza peke yake, kisha pengo jeupe. Hata asiyejua kusoma aliliona pengo lile. Nadine alisahau aibu, akacheka kwa sauti na kupiga makofi mara moja kama mtoto. Simu mezani nayo ilikuwa ikipiga kelele ya Shamsia, "Imefunguka? Mnanisikia? Imefunguka?"

Ndipo Kipriani, aliyekuwa bado juu ya benchi na kwa hiyo aliona vizuri kuliko wote, akasoma maandishi ya juu ya picha kwa sauti.

"Mvua ya Heru Juu. Imepimwa na Baba."

Akageuka. "Baba wa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Watu wakacheka, na Nadine akahisi damu yote imempanda usoni. Kichwa kile alikiandika yeye mwenyewe juu ya faili la namba siku ya kwanza kabisa ya kazi, jioni, na alipofika mahali pa jina la mpimaji aliandika neno pekee alilokuwa nalo. Kisha namba zikamfunika, akasahau. Na sasa kazi yote ya mzee, asubuhi zote zile, imesimama mbele ya watu haina jina la mwenyewe.

"Nitabadilisha, Baba," alisema haraka. "Sasa hivi. Uliandike wewe, sasa unajua, mimi nitageuka..."

Mzee aliinua mkono. Alikuwa akiutazama ukuta. Alikuwa na watoto sita, wote wa kiume, wote wametawanyika na kazi zao, na kati ya hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza madaftari yale yana nini ndani.

"Usibadilishe."

"Lakini Baba, watu hawatajua ni nani."

"Kipriani kauliza, nami namjibu." Akamshika Nadine mkono, mbele ya kikundi kizima cha wakulima, jambo ambalo baba mkwe halifanyi ovyo, akamvuta mpaka akasimama kando yake kwenye mwanga wa projekta, mistari ya mvua ikiwapitia wote wawili nguoni. "Wa huyu," alisema. "Mimi ni baba yake huyu."

Hakuna aliyecheka. Immakulata alijifuta macho kwa ncha ya kitenge na kumgombeza jirani yake aliyemtazama. Nadine alilia waziwazi, wala hakuhangaika kujificha.

Mzee Niyomwungere alikohoa, akauachia mkono wake, akaomba fimbo ya kuoneshea.

"Haya," alisema, "sogeeni mbele. Tazameni Oktoba."

Na Kipriani ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba benchi lake.